Kifuniko Kipya cha Tangi Kuukuu

Kabla ya kuligusa gari, Shangazi alilinusa.

Kituoni walimwita Shangazi kwa sababu aliwahoji watu kama shangazi aliyekuja kukagua mashuka ya nyumba: hapigi kelele, anafunua tu. Cheo chake kilikuwa inspekta, umri wake hamsini na mbili, na pua yake, walisema wenzake, ilistahili kulipwa mshahara wake yenyewe. Alisimama nyuma ya gari la wagonjwa la zahanati, milango yote miwili imefunguliwa, akavuta pumzi moja, akaitoa upesi kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha.

"Hii ni dawa ya kupigia deki," alisema. "Na chini ya dawa kuna kitu kingine."

"Ni gari la wagonjwa, Shangazi," alijibu nesi aliyesimama kando yake, mama wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. "Watu wanatapika humo, wanazaa humo. Nimeliosha mara tatu tangu Jumatatu, harufu haitoki."

"Tangu Jumatatu? Mgonjwa amefariki jana, Alhamisi."

"Jumatatu asubuhi ndiyo nililikuta linanuka. Nikadhani ni mgonjwa wa wiki iliyopita."

Shangazi aliandika neno moja kwenye daftari lake, akalifunga.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana mchana mke wa fundi cherehani alijifungua salama hapo zahanati, kisha akaanza kutoka damu isiyokatika. Akapakiwa kwenye gari hili kupelekwa hospitali kubwa, mwendo usiofika saa moja. Kwenye mlima wa kutokea mjini injini ikaanza kukohoa, ikamisi, yaani ikakosa mapigo, ikazima. Baada ya dakika tano ikawaka, ikapanda kidogo, ikazima tena. Ikafanya hivyo mara nne. Mara ya nne hapakuwa tena na mtu wa kumkimbiza. Mtoto alibaki zahanati na mama yake mdogo, na yuko hai.

Dereva, mzee aliyeitwa Breki kwa kuwa miaka ishirini na sita hajagonga hata kuku, alilala mahabusu. Msimamizi wa zahanati alikuwa ameandika barua kwamba mzee huyo huuza petroli ya gari na kujazia maji kwenye tangi. Saa nane mchana leo Ijumaa angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kusababisha kifo, na kutoka hapo angepelekwa gerezani kungojea kesi. Kwa umri wake na kifua chake kibovu, kuingia angeingia. Kutoka ndiyo Mungu ajuaye.

Saa tatu ilikuwa imeshapita.

"Afande, karibu sana." Msimamizi alikuja kwa mwendo wa haraka, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Njiani alisimama kwanza getini, alipokaa fundi cherehani na shemeji yake aliyempakata kichanga. Akaushika mkono wa fundi kwa mikono yake yote miwili, akauinamia. "Pole sana, ndugu yangu. Haki itatendeka. Yule mzee hatoki." Fundi akaitikia kwa kichwa, akatema mate chini aliposikia mzee akitajwa.

Shangazi aliyatazama hayo, kisha akaanza kulizunguka gari polepole. Lilikuwa limezeeka vibaya. Kutu ilikuwa imekula vizingiti, mlango wa dereva umefungwa kwa waya, taa moja imezibwa kwa plasta ya kidonda. Hapo zahanati kila kilichovuja au kuvunjika kilitibiwa kama mgonjwa. Bomba la uani lilikuwa limefungwa glavu ya mpira isidondoshe maji, chupa ya mafuta ya taa imevishwa glavu badala ya kizibo, na funguo za stoo zilining'inia kwenye glavu iliyokatwa vidole.

Alipofika ubavuni alisimama. Kifuniko cha tangi la petroli kilikuwa kipya, kinang'aa, kina tundu la ufunguo katikati. Juu ya gari lile kilikuwa kama jino la dhahabu kwenye kinywa cha maiti.

"Hiki kimenunuliwa lini?"

"Sikumbuki," alisema msimamizi. "Cha zamani dereva alikipoteza. Mambo ya vifuniko namwachia yeye, mimi nina zahanati ya kuendesha."

"Na ufunguo wake?"

"Anao dereva."

"Sawa," alisema Shangazi.

*

Fundi magari aliyelihudumia gari hilo aliitwa Profesa, na jina alijipa mwenyewe. Alikuja na sanduku la spana, tumbo mbele, maelezo nyuma.

"Afande, mimi gari hili nalijua kuliko mke wangu. Jumanne mzee Breki alilileta, linamisi. Nikamwambia ni plagi. Nikaweka plagi mpya nne. Likaondoka linaimba."

"Likaondoka linaimba, na Alhamisi likaua mtu."

"Hilo mimi simo. Kama dereva anatia maji kwenye tangi, Profesa afanyeje?"

"Fungua boneti. Nitolee hizo plagi mpya."

Profesa alikohoa. Akazitoa moja moja, kwa uvivu wa mtu anayevua nguo mbele ya daktari. Shangazi alizipanga juu ya gazeti, akaivaa miwani yake, akaiinua ya kwanza. Ncha ilikuwa imekwanguliwa kwa msasa mpaka ikang'aa, lakini hesi zake, ile mikato ya kufungia, zilikuwa nyeusi za miaka, na kwenye kaure palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Hizi ni mpya?"

"Ni mpya, Afande. Ni toleo la zamani tu."

"Profesa."

"Naam."

"Marehemu mume wangu alikuwa fundi. Plagi nimeziosha mimi kwenye beseni moja na nepi za watoto. Nakuuliza mara ya mwisho."

Profesa alikitazama kiatu chake. "Nilizipiga msasa nikazirudisha. Lakini Afande, mafundi wote hapa mjini..."

"Sijauliza habari za mji mzima." Alimtazama kama mtu anayetazama nzi ndani ya kikombe, naye alikuwa ameshakunywa nusu. "Gari la kubebea wazazi, na wewe unalipaka poda. Nenda kanunue plagi mpya kwa mkono wako. Nusu saa. Ukichelewa nakufuata."

Hata nusu saa haikufika. Zikafungwa plagi mpya kweli, zimetoka kwenye kasha mbele ya macho yake. Injini ikawaka, ikatulia, haikumisi hata kidogo. Profesa akachangamka.

"Unaona! Basi kosa ni langu, nalikubali, la plagi. Tumalize."

"Mwenye haraka ya kukubali kosa dogo namwogopa," alisema Shangazi. "Panda. Twende mlimani."

Nesi alipanda nyuma, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwamo jana. Walipita sokoni na mtaa wa maduka ya vyuma bila taabu. Mlima ulipoanza, Profesa alikanyaga mafuta, na injini ikavuta vizuri mpaka kwenye kona ya kwanza. Hapo ikakohoa. Ikakosa pigo moja, ikakosa la pili, gari zima likatetemeka, kisha likazima kimya.

"Hapa," alisema nesi kutoka nyuma. "Hapahapa ndipo jana lilipozima mara ya kwanza. Aliniuliza kama tumefika."

Shangazi alikuwa ameshashuka.

"Toa plagi moja. Sasa hivi, usiguse ufunguo."

"Ya moto, Afande."

"Tumia kitambaa. Huna haya, uwe na kitambaa."

Profesa aliitoa. Shangazi aliisogeza puani, akainusa, kisha akaitazama juani. Ilikuwa kavu kabisa, nyeupe kama jivu la mkaa.

"Injini ikizima kwa kukosa moto, plagi inakuwaje?"

"Inalowa," alisema Profesa, safari hii bila madaha. "Petroli inaingia, haichomwi, plagi inalowa na kunuka."

"Na hii?"

"Hii... hii haikupata petroli. Moto upo, chakula hakuna."

"Basi tutafute aliyezuia chakula."

Alimwambia achomoe bomba la mafuta kabla ya chujio, akinge chupa ya kioo. Petroli ilitoka kwa udhaifu, mchirizi, kisha matone, kisha basi. Shangazi aliiweka chupa juu ya jiwe, wakasubiri itulie. Maji ni mazito kuliko petroli. Kama yamo, hujilaza chini na kuchora mstari. Dakika kumi zilipita. Chupa ilikuwa safi juu mpaka chini, haina mstari.

"Hakuna maji," alisema nesi.

"Hakuna. Na mwenye kutia maji angeyatia wapi?" Shangazi alifungua daftari. "Mali za mzee Breki nilizisaini mimi jana. Ufunguo wa kuwashia gari, ufunguo wa nyumba, leso, miwani, kitabu cha sala. Ufunguo wa kifuniko cha tangi haumo. Mtu asiye na ufunguo angetiaje maji, na angeuzaje petroli?"

Profesa alifuta mikono kwa kile kitambaa.

"Sasa puliza," alisema Shangazi, akimwonyesha mdomo wa lile bomba alilolichomoa, linalotoka kwenye tangi.

"Kwa mdomo?"

"Mdomo wako umefanya mabaya zaidi."

Profesa aliingiza bomba kinywani, uso umekunjamana, akapuliza. Mwanzo pumzi haikupita. Mashavu yakavimba, macho yakamtoka, halafu kitu kikaachia. Wote watatu wakasikia mapovu yakibubujika ndani ya tangi. Alipolirudisha bomba, gari likawaka kwa jaribio la kwanza.

"Kuna kitu ndani," alisema huku akitema mate. "Injini ikivuta sana, kinavutwa kinaziba mdomo wa bomba. Likizima, kinaachia. Ukingoja dakika tano, linawaka."

"Mara nne," alisema nesi. "Mara nne kilimwachia, kikamshika tena."

*

Saa tano na nusu walikuwa wamerudi uani. Msimamizi aliwapokea mlangoni mwa ofisi yake.

"Vipi, Afande? Maji yameonekana?"

"Bado. Tunataka kufungua tangi. Ufunguo wa kifuniko?"

"Si nilikwambia, anao dereva."

"Hanao."

"Basi ameutupa. Mwizi atatembea na ushahidi?"

Shangazi alikubali kwa kichwa, kama mama anayesikiliza mtoto akisema hakula sukari, na punje ziko kidevuni. Akarudi kwenye gari.

"Profesa, tangi lina mlango mwingine?"

"Lipo tundu la geji, kile kipimo cha mafuta, juu yake. Linafunguliwa kwa ndani. Lazima tutoe kitanda cha mgonjwa na zulia la mpira."

Wakakitoa kitanda. Zulia la mpira lilikuwa limeshikwa na skrubu pembeni, kwa hiyo nesi alikuwa ameosha juu yake mara tatu wala hajafika chini. Profesa alilegeza skrubu, akalikunja zulia. Harufu ikainuka, nzima, kama kitu kilichokuwa kimelala kikaamshwa.

Nesi aliziba mdomo. Chini ya zulia, kwenye maji machafu ya kuoshea yaliyokwama, palikuwa na nywele fupi za kahawia zilizogandamana, na vinyesi vya mbuzi, vidogo vyeusi vya mviringo, vimelowa vikavimba.

"Mbuzi," alisema Profesa. "Haki ya Mungu, mbuzi."

"Nilimlaza hapo juu," alisema nesi. "Mzazi. Na kidonda kibichi. Nilimlaza hapo."

Shangazi alikuwa ameona maiti za kila namna katika kazi yake, akala chakula cha mchana baadaye. Lakini sasa ikabidi atoke nje, ashike ukuta. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ileile ya shangazi wa mashuka.

"Jumapili gari lilikuwa na nani?"

"Jumapili mzee Breki hafanyi kazi," alisema nesi. "Anashinda kanisani, anapiga kengele. Huacha ufunguo ofisini kwa msimamizi, Jumatatu anauchukua."

"Endelea, Profesa."

Profesa alifungua skrubu za sahani ya geji, akaitoa. Akachukua waya mgumu, akaukunja ncha kama ndoana, akauteremsha gizani. Akavua kwa kubahatisha, kulia, kushoto. Waya ukashika kitu kizito, kilaini. Akavuta.

Kilichopanda kwenye lile tundu kilikuwa na vidole.

Profesa alipiga kelele, akaachia waya. Shangazi akaudaka. Akavuta mwenyewe, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine kikijibana na kuteleza kwenye ukingo wa chuma, mpaka kikatoka chote kikaanguka pwata juu ya bati. Ulikuwa mkono. Mkono mpana kuliko wa binadamu, wa rangi ya usaha, umevimba, unateleza, unatoka jasho la petroli.

"Glavu," alisema nesi kwa sauti ndogo. "Ni glavu yetu. Mbona kubwa hivyo?"

"Mpira ukikaa kwenye petroli unavimba," alisema Profesa, bado ameshika kifua. "Hauyeyuki haraka. Unavimba, unakuwa laini kama maini."

Nesi alimletea Shangazi glavu mpya za kushikia kielelezo. Shangazi alizitazama, akatikisa kichwa. Akauinua ule uchafu kwa mikono mitupu, akauweka kwenye sinia la chuma la wodini.

*

Msimamizi aliliona sinia likiwekwa juu ya meza yake, kati ya kalamu na kikombe cha chai. Akarudisha kiti nyuma.

"Ni nini hicho?"

"Ndicho kilichoua. Kilikuwa ndani ya tangi."

"Glavu?" Alipata nguvu. "Glavu anazo nesi! Hapa kila mtu anazo, manesi, wafagizi, dereva mwenyewe. Hapa tunafungia mpaka bomba."

"Ndiyo. Kwa hiyo glavu hainiambii kitu," alisema Shangazi. "Naomba funguo zako."

"Zangu?"

"Hizo zilizo kiunoni."

Zilikuwa kama kumi, zote zimechakaa, shaba imegeuka rangi ya chai. Mmoja tu ulikuwa mdogo na mpya, unang'aa. Shangazi aliutenga kwa kidole, akatoka nao nje bila kukimbia, msimamizi akimfuata, "Afande, subiri, Afande, nieleze." Nesi alikuwepo. Profesa alikuwepo. Fundi cherehani alikuwa ameinuka getini kwa kusikia kelele. Shangazi akauingiza ufunguo kwenye kile kifuniko kinachong'aa, akauzungusha. Kifuniko kikafunguka kwa mlio mdogo, kama ulimi unaposonya.

"Sasa nieleze," alisema.

Msimamizi aliutazama ua wote, mtu kwa mtu, akitafuta wa upande wake.

"Jumapili nilibeba mbuzi. Watano tu, wa kupeleka mnadani. Kituo cha mafuta waliacha kifuniko juu ya paa, kikaanguka njiani. Petroli ikawa inaruka ruka. Nilikuwa na glavu mfukoni, nikaivisha kwenye mdomo wa tangi. Mtu yeyote angefanya hivyo."

"Halafu?"

"Jumatatu nikanunua kifuniko. Wakati wa kuitoa glavu ikakatika mpira, ikateleza ndani. Nikasema basi, ni glavu. Kule kwetu mafundi viatu huweka mpira kwenye petroli, unakuwa gundi." Alijifuta jasho. "Nilidhani itayeyuka."

"Mzee ameniambia kwamba Jumanne alikuja kwako kusema gari linazima."

"Nilimwambia aende kwa fundi."

"Hukumwambia fundi atazame tangi."

"Ningesemaje? Wangeuliza gari lilikuwa wapi Jumapili."

"Na jana jioni, maiti ikiwa bado ina joto, ukakaa pale mezani ukaandika barua kwamba mzee anatia maji. Ulipoiandika, ulijua kilichomo ndani ya tangi."

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, ila huyu maradhi aliyaficha yeye, kifo kikaenda kwa mwingine.

Shangazi alitoa simu. Saa ilikuwa saa saba kasorobo.

"Mwendesha mashtaka? Ni mimi. Mzee Breki asipandishwe kizimbani. Naleta mwingine badala yake, na kielelezo. Ndiyo. Mwambie mzee achukue kitabu chake cha sala aende nyumbani."

Alipokata simu, fundi cherehani alikuwa ameshafika kwenye sinia, ambalo nesi alikuwa amelitoa ofisini na kuliweka kizingitini. Aliinama, akalitazama lile pande la mpira kwa macho ya mtu aliyezoea kupima vitu vidogo. Vidole vitano. Akamwinulia macho msimamizi.

"Asubuhi ulinipa mkono," alisema.

Msimamizi akairudisha mikono mgongoni.

"Kwa mikono yote miwili ulinishika. Ukaniinamia. Mkono huohuo."

Akaanza kuufuta mkono wake wa kulia kwenye suruali, kiganja, mgongo wa mkono, kiganja tena. Akafuta mpaka shemeji yake akamwita kwa woga, "Shemeji, basi." Hakusikia. Akaenda bombani, akainyoosha mikono ili anawe, na hapo ndipo alipoiona ile glavu iliyofungwa kwenye mdomo wa bomba, imevimba kwa maji, vidole vyake vitano vimening'inia vikimwelekea.

Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akachuchumaa pale uani, mbele ya watu wote, akauchota mchanga, akaanza kuusugua mkono wake kwa mchanga.